Liache Liseme

Saa nane na dakika kumi, kila usiku,
mashine ya Danguolė, daktari wa meno mjini Kaunas,
juu ya duka la fundi viatu,
huandika mstari uleule kisha huendelea na kazi:
onyo, kumbukumbu inayotumika si salama.
Haipigi kelele. Inanong'ona tu,
kama mpita njia anayekwambia kifungo chako kimefunguka
naye keshapita.

Miezi kumi na mmoja hakuna aliyesoma.
Mafaili ya wagonjwa yanafungwa kwa fumbo, yanahifadhiwa,
asubuhi yapo. Nani aulize?
Mimi niliitwa kwa ajili ya printa.

Basi nikakaa kwenye kiti chenye gurudumu bovu,
theluji imeziba nusu ya kioo,
nikajaribu kumweleza:
Daktari, ufunguo ukiwa kazini hukaa uchi.
Hauna budi. Hufungui mlango kwa ufunguo ulio mfukoni.
Kwa dakika hiyo umo kwenye kumbukumbu, herufi kwa herufi,
na kumbukumbu ikijaa, mashine hufanya afanyavyo
mwenye nyumba ndogo: huhamishia vitu uani.
Uani ni diski.
Kinachoangukia huko hakiyeyuki umeme ukikatika.
Ndiyo maana programu huomba:
vipande hivi vipigilie misumari, visihamishwe.
Na mashine yako hujibu: huna ruhusa.

Siri ya mtungi iulizwe kata.
Hapa kata inavuja.

"Vytenis ndiye aliyeiweka," akasema.
"Hakunitoza hata senti. Nilimtengenezea mama yake meno."
Vytenis alizikwa Machi.

Nikaanza na kipimo: kilobaiti sitini na nne,
ndicho kiasi anachoruhusiwa mtu wa kawaida kufunga.
Nikakiongeza. Nikatoka, nikaingia upya, nikajaribu kwa mkono.
Kimya. Nikanywa kahawa kwa majivuno.
Saa nane na dakika kumi: mstari uleule.

Nilisahau kwamba kazi ya usiku haipiti mlango wa mbele.
Haipigi hodi, haitaji jina,
haisomi daftari nililolisahihisha pale kizingitini.
Huzaliwa ndani, mikononi mwa msimamizi wa huduma,
naye ana daftari lake.

Njia za mkato zipo.
Ningeweza kuivika programu joho la mzizi,
kama walivyofanya wa zamani;
lakini anayehitaji msumari mmoja
humpi funguo za ghala lote.
Au ningenyamazisha onyo. Ni neno moja tu,
na nikalikuta kwenye mipangilio, limeandikwa,
kisha limetanguliwa na alama ya kulibatilisha,
na kando yake, kwa mkono wa Vytenis:
hapana. liache liseme. narudi Jumanne.

Sijui ilikuwa Jumanne ipi.

Nikafungua daftari la pili. Mstari mmoja, ukomo mpya.
Nikaiwasha huduma upya.
Kisha, kwa kuwa miezi kumi na mmoja ni mingi,
nikazima ule ua na kuupekua kabla ya kuufagia.
Vipande vya tarehe. Nusu ya jina la mtu. Uchafu.
Halafu, katikati ya uchafu, nzima, haina hata doa:
mama anatafuna tena hata tufaha bichi

Ilikuwa nywila yake.
Nilikaa muda mrefu. Chini, basi la umeme likapita,
nyaya zikatoa cheche, kioo kikawa buluu mara moja.

"Umeona nini?" akauliza Danguolė, koti begani.
Nikasema takataka.
Sijui kama nilikuwa na haki.
Nikaujaza ua sufuri, kuanzia ukingo hadi ukingo,
kazi ya dakika tisa,
nikabadilisha nywila, nikamwachia mpya kwenye bahasha.

Usiku ule sikulala. Saa nane na dakika kumi
mashine iliandika kwamba imeanza,
ikaandika kwamba imemaliza.
Kati ya mistari hiyo miwili, pale alipokuwa akiongea,
hapakuwa na kitu.

Printa bado haifanyi kazi.